Gran Turismo 7: Chuo Kizuri Chenye Duka Mlangoni



Kitabu kikiingia nyumbani, mzazi mwangalifu hukifungua akakisoma kabla ya kumpa mwanawe. Leo twataka kukipima kitu ambacho wengi wetu hawakihisabu kuwa ni cha kupimwa, nacho ni mchezo wa watoto wa kwenye kioo cha televisheni. Jina lake ni Gran Turismo 7, mchezo wa mashindano ya magari. Ulitoka tarehe 4 Machi 2022, lakini katika nyumba zetu nyingi ndio kwanza waingia. PlayStation, mashine ya kuuchezea, ni ghali, na aghalabu hutufikia ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, au huletwa na jamaa arudiye kutoka Arabuni.

Juu ya michezo hii wazazi wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kuwa kila kilichomo ndani ya kioo ni upuuzi na kitupwe. Kundi la pili halisemi neno. Limeridhika kuwa mtoto ametulia, hatoki nje wala hapigi kelele. Makundi yote mawili yamekosa jambo moja, nalo ni kuketi kutazama. Akataaye hajui akataalo, na aruhusuye hajui aliloruhusu. Mimi nimeketi jioni kadhaa pamoja na wajukuu zangu, nikatazama, nikauliza, na nikakishika mkononi hicho kidude waitacho pedi. Haya nitakayoyaeleza ni maoni ya mwanzo ya mtu aliyefundisha watoto muda mrefu, si maoni ya fundi wa michezo.

Mchezo huu umetengenezwa Japani na kampuni ya Polyphony Digital, chini ya uongozi wa bwana Kazunori Yamauchi. Wa kwanza katika ukoo huu ulitoka Desemba 1997. Kwa hivyo baadhi ya wanaouchezesha watoto wao leo waliucheza wenyewe walipokuwa wadogo. Huu wa sasa ulianza na magari zaidi ya 400, yote ni mifano ya magari ya kweli, yaliyochorwa kwa uangalifu mpaka mshono wa kiti waonekana. Ustadi huo ni wa kusifiwa, na hatutaki kuwanyima mafundi haki yao. Lakini uzuri wa sura si hoja yetu. Sisi twauliza kama mzazi aulizavyo anapompeleka mwanawe chuoni: Je, hapa mtoto wangu atafunzwa nini?

MAZURI YAKE

Jambo la kwanza lililonipendeza ni mlango wa kuingilia. Nilidhani mtoto atapewa gari la fahari la mamilioni siku ile ile ya kwanza. Sivyo. Hupelekwa kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, akaambiwa achague moja katika matatu: Honda Fit, Mazda Demio au Toyota Aqua. Msomaji wa pwani atacheka hapa, kwa sababu hayo ndiyo magari yale yale yanayoshushwa kutoka melini Mombasa na Dar es Salaam, ambayo mwalimu wa skuli na muuza duka hununua kwa kudunduliza. Gari la jirani limekuwa gari la mchezo! Mtoto huanza na kidogo, hushindana na kidogo, kisha hupanda daraja. Na katikati ya mchezo mna mkahawa, ambao mwenyewe humpa mchezaji orodha ya magari ya kukusanya, mara nyingi matatu matatu. Akimaliza husimuliwa habari za magari hayo: yalitengenezwa lini, na kwa nini watu waliyapenda. Hiyo ni elimu ya ufundi na tarikh, na mtoto huipata bila ya kuhisi kuwa anasomeshwa.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa, ni leseni. Mchezo una leseni tano, na kila leseni ina mitihani kumi. Somo la mwanzo kabisa si kwenda mbio. Ni kuliondoa gari na kulisimamisha mahali palipotiwa alama. Akipita alama, ameanguka; hurudia. Kisha hufunzwa kona: aanze kukanyaga breki wapi, aachie lini, akate usukani kiasi gani, na lini arudi kukanyaga mafuta. Mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili aliingia kona ya kwanza kama mshale, akatoka nje ya njia akaishia kwenye nyasi. Akarudia. Mara ya saba au ya nane alianza kufahamu kwamba mwenye kuingia kona pole ndiye atokaye kwa kasi, na mwenye kuingia kwa pupa hutoka amechelewa, kama hutoka. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na watoto wetu huisikia methali hiyo kwa sikio moja ikatokea la pili. Hapa mjukuu aliiona kwa macho yake, imepimwa kwa sekunde, na hapakuwa na mtu mzima wa kubishana naye.

Mafundi wameongeza na hisia ya mkono. Katika PlayStation 5, kitufe cha breki hukaza chini ya kidole kama pedali ya kweli, na magurudumu yakianza kuteleza mkono hutetemeshwa. Mvua ikinyesha, maji hutuama mabondeni, na ikikatika, pale wanapopita wengi hukauka kwanza. Mwenye macho huutafuta mkondo mkavu akaufuata. Huku ni kumzoeza mtoto kusoma barabara kabla ya kuikimbilia, nayo ni elimu isiyo ndogo.

Mashindano hayakuwa jambo la kubezwa katika dini yetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi. Wale waliotayarishwa kwa mazoezi aliwawekea masafa marefu, kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa. Na wale wasiotayarishwa aliwawekea masafa mafupi, kutoka hapo mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Itazame hekima hiyo, msomaji. Kila mmoja amepimiwa kwa kadiri ya matayarisho yake. Mfumo wa leseni katika mchezo huu umesimama juu ya busara ya namna hiyo: usiyejitayarisha, masafa marefu si yako bado.

Jambo la tatu ni adabu. Wachezaji wakishindana kwa njia ya intaneti, kila mmoja huwekewa alama mbili: moja ya ustadi wake na nyingine ya uungwana wake. Anayewagonga wenzake ili apite hukatwa sekunde, na alama ya uungwana hushuka; naye hupangwa pamoja na walio mfano wake. Basi mtu aweza kuwa hodari na bado akaandikwa kuwa si muungwana, na watu wote wakaiona herufi yake. Ni watu wazima wangapi barabarani kwetu ambao wangestahiki herufi hiyo ibandikwe kwenye kioo cha gari!

Ajabu zaidi ni habari ya Sophy. Huyu si mtu, bali ni dereva wa akili bandia aliyetengenezwa na kampuni ya Sony, naye alijifunza kwa kuzunguka viwanja vya mchezo uliotangulia huu. Julai 2021 alishindanishwa na madereva wa kibinadamu walio hodari kabisa. Akiwa peke yake njiani aliwashinda kwa wakati, lakini walipotiwa kundini pamoja, timu ya wanadamu ndiyo iliyopata alama nyingi. Wahandisi wakarudi kumfunza, na Oktoba 2021 timu yake ikashinda. Katika mambo aliyopaswa kufunzwa ni adabu: asigonge, asimzibie mwenzake njia bila haki, wala asiwe mwoga wa kumwachia kila mtu. Alipokosea alitozwa katika hesabu yake. Habari hizi zilichapishwa katika jarida la elimu la Nature, Februari 2022, na tangu Novemba 2023 Sophy amewekwa ndani ya Gran Turismo 7 kwa wenye PlayStation 5. Nami nasema: ikiwa chuma hakikukamilika kwa mbio peke yake mpaka kilipofunzwa adabu, basi mwana wa Adamu ana udhuru gani?

KASORO ZAKE

Mpaka hapa nimeusifu mchezo huu, na sifa hizo ni haki yake. Sasa tuje kwenye kasoro, nazo ni tatu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba chuo hufunza jambo moja, na uwanja huagiza jingine. Mtoto akishapata leseni, akaingia katika mashindano ya kawaida ya peke yake, mara nyingi huwekwa nyuma ya msafara. Magari yamekwisha kupangwa kwa mwanya, na wa mbele ameshatangulia mbali. Mizunguko ni michache. Kwa hivyo haanzi sawasawa na wenzake. Yeye hupewa kundi la kulifukuza na kulipita, gari baada ya gari, kabla muda haujamwishia. Aliyefunzwa subira katika leseni huombwa pupa katika uwanja. Ushindani wa kweli, wa watu wawili waliolingana, kila mmoja akimheshimu mwenzake konani, hupatikana zaidi kwa kucheza na watu, au na huyo Sophy. Huu ni upungufu wa ufundi, na kwangu ni upungufu wa malezi pia.

Kasoro ya pili ni duka. Ndani ya mchezo kuna fedha za bandia ziitwazo krediti, ambazo mchezaji huzichuma kwa kushinda. Hilo halina ubaya. Mtu hula jasho lake. Lakini krediti hizo hizo huuzwa pia kwa fedha za kweli. Mchezo ulipotoka, krediti milioni 2 ziliuzwa kwa karibu dola 20 za Marekani. Gari moja la mashindano, Porsche 919 Hybrid, ambalo katika mchezo uliotangulia liliweza kununuliwa kwa dola 2.99, katika huu liliwekewa bei ya krediti milioni 3. Asiyetaka kusubiri angetoa zaidi ya dola 30 kwa gari moja ambalo haliguswi wala haliegeshwi popote. Na yapo magari yaliyofika krediti milioni 20.

Kisha likatokea jambo lililofichua siri. Katikati ya Machi 2022, wiki mbili tu baada ya kutoka, mchezo ulifanyiwa marekebisho, na malipo ya baadhi ya mashindano yakapunguzwa. Yaani ujira wa mfanya kazi ulishushwa, na bei dukani ikabaki pale pale. Katika marekebisho hayo hayo mitambo ikaharibika, na kwa zaidi ya saa 30 watu duniani kote hawakuweza kucheza ila sehemu ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo huu haifunguki bila ya intaneti, hata ukiwa unacheza peke yako na umekwisha kuununua. Wachezaji walighadhibika sana. Bwana Yamauchi akaomba radhi, wakapewa krediti milioni 1 kuwa ni kifuta machozi, na Aprili malipo ya mashindano yakaongezwa. Alifanya vizuri kuomba radhi. Lakini somo limebaki: mwenye chuo akiwa ndiye mwenye duka, iko siku atarefusha masomo ili wanafunzi wachoke waende kununua.

Na ndani ya duka hilo pana kona yenye giza zaidi. Mchezaji akiendesha masafa ya mbio za marathoni, kilomita 42, kwa siku moja, hupewa tiketi. Akiifungua hutokea zawadi tano mbele yake, labda gari, labda fungu kubwa la krediti, labda fungu dogo. Kisha mshale huzunguka, huzunguka, ukasimama. Wachezaji wengi wamelalamika kuwa kwao husimama kwenye kile kilicho kidogo. Je, hii ni kamari? Tuseme haki. Mtoto hakuweka mali yake rehani, na tiketi aliipata kwa kuendesha. Kwa hivyo hatuwezi kuiita kamari kamili. Lakini mtazame mtoto uso wake wakati mshale unazunguka! Moyo hudunda, jicho hukodoka, na ukisimama pabaya husema, “Kesho.” Neno hilo “kesho” ndilo analolisema kila mcheza kamari duniani. Huyu hajapoteza senti, lakini amekwisha kufunzwa hali ya mwenye kupoteza. Leo vijana wetu wamezungukwa na matangazo ya kubahatisha matokeo ya mipira kwa simu. Mtoto aliyezoea kuusubiri mshale akiwa na miaka kumi hatauona ugeni akifika ishirini.

Kasoro ya tatu ni kubwa kuliko zote, nayo ni kwamba hapana anayeumia. Bodi ya Marekani ya kupima michezo iliupa mchezo huu alama ya kufaa watu wote, na kwa kipimo chao wana haki: hapana damu, hapana maiti, hapana matusi. Lakini gari likigonga ukuta kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, hutokea mikwaruzo, labda bodi kubonyea, na dereva huendelea na safari. Mchezo unaojisifu kwa ukweli wa kila msumari umeuficha ukweli ulio mkubwa.

Na ukweli huo una mahali na tarehe. Mwaka 2011 kijana wa Uingereza, Jann Mardenborough, alishinda shindano la GT Academy, lililowatafuta wachezaji hodari wa Gran Turismo ili wafunzwe udereva wa kweli. Alifunzwa, akawa dereva wa mashindano, na mwaka 2013 timu yake ilishika nafasi ya tatu katika daraja lake kwenye mashindano ya Le Mans, Ufaransa. Hiyo yaonesha kuwa mafunzo ya kwenye kioo si ya kudharauliwa. Lakini Machi 2015, katika kiwanja cha Nürburgring, Ujerumani, gari lake liliinuka kwa upepo mlimani, likaruka ua, na mtazamaji mmoja akafa. Simtii dereva lawama. Nasema tu kwamba kiwanja hicho hicho, Nürburgring, kimo ndani ya mchezo huu, na watoto wetu hukizunguka kila jioni. Humo ukikosea unabonyeza kitufe unaanza upya. Yule mtazamaji hakupata kitufe hicho. Hata filamu iliyotolewa mwaka 2023 juu ya maisha ya kijana huyo ililihamisha tukio hilo, ikaliweka kabla ya Le Mans ya 2013, ili huzuni iwe ngazi ya ushindi. Kifo cha mtu si ngazi ya hadithi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Huo ndio umri wa wanaoishika pedi. Mtoto achezaye leo na Demio ya kwenye kioo, baada ya miaka sita ataketi katika Demio ya baba yake. Mikono itakuwa imekwisha kujua usukani. Je, moyo utakuwa umejua nini?

USHAURI KWA WAZAZI

Huenda msomaji akauliza: Basi tuukubali au tuukatae? Jawabu yangu ni kwamba mchezo huu ni chuo kizuri ambacho mlangoni pake pamefunguliwa duka baya. Mtu mwenye akili hakivunji chuo kwa sababu ya duka, wala hamwachi mtoto dukani kwa sababu pana chuo. Humshika mkono, akampitisha mlangoni.

Kwanza, mtoto na atangulize leseni. Asiingie mashindanoni mpaka amalize mitihani ya daraja lake, naye aulizwe: leo umejifunza kona gani? Pili, kadi ya benki au fedha za simu za mzazi zisitiwe kabisa ndani ya mashine hiyo. Krediti na azichume kwa mkono wake. Gari asiloweza kulichuma, na ajifunze kulitazama bila ya kulimiliki. Tatu, afahamishwe habari ya tiketi na mshale, kwamba ile ni hila ya kuufunga moyo, na aziache tiketi zikae bila kufunguliwa. Hilo ni jihadi ndogo ya nafsi, na nimeona watoto wakiiweza kuliko watu wazima. Nne, mchezo usivuke wakati wa sala wala wa masomo, mashindano hayo yana mwisho mfupi, na si udhuru kusema “bado mzunguko mmoja.”

Na tano, ambalo ni zito kuliko yote, mzazi mwenyewe asiwe mchezo mbaya zaidi ya huo wa kioo. Mtoto hufunzwa na mashine kukanyaga breki kabla ya kona, kisha asubuhi akapakiwa nyuma ya baba anayepita magari mengine kwenye kilima, bila ya mkanda, simu i sikioni. Ni yupi kati ya waalimu hawa wawili atakayefuatwa? Japani wametuletea gari, na sasa wametuletea na somo la kuliendesha. Kilichobaki si kazi ya Japani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.